Zamu ya Maji

Mama alikataa waya kifuani.
"Mimi si redio," alimwambia nesi,
akavibandua vile viduara vya gundi kimoja kimoja,
akavipanga ukingoni mwa sahani ya tende
pamoja na kokwa.

Ndipo akaja Sudhish, fundi, mtu wa Kerala,
na mkeka mwembamba kama chapati ya maji;
ndani yake uzi wa kioo umezungushwa na kuzungushwa,
uzi ambao ungepotea kwenye nywele za mtoto.
Akauweka chini ya godoro, akatandika upya, akanawa mikono.
"Haumgusi," akasema. "Mwanga unapita humo ndani.
Mama akipumua, godoro linabonyea,
uzi unapinda, mwanga unavuja kidogo njiani.
Sisi tunahesabu kilichopungua."

Nilielewa upesi kuliko alivyotarajia.
Hapa Ibra nani asiyejua
kilichoingia mferejini si lazima ndicho kitakachofika?
Babu alinuniana na jirani mwaka mzima
kwa ufa wa falaji usiopitisha hata kidole.

Basi usiku nakaa jikoni na simu,
kiyoyozi kinakohoa,
namtazama mama akiwa mstari wa kijani:
kilima kirefu ni pumzi,
vijino vilivyo juu yake ni moyo.
Zamani nilikuwa nikimwekea kiganja puani,
naye hufumbua jicho moja:
"Bado. Nenda kalale."

Siku ya nne mstari ulichafuka.
Saa tisa na dakika kumi za usiku
moyo ulipanda kutoka sitini hadi tisini na sita,
miguu ikatikisika, pumzi zikakatika vipande,
nusu saa nzima,
kisha usingizi, kama hapakuwa na neno.
Siku ya tano hivyo hivyo. Ya sita.
Daktari alipiga simu kutoka Maskati,
akataja ugonjwa wenye jina refu,
akalifupisha kwa kunihurumia.
Alitaka kuongeza dawa.

Usiku wa saba niliiacha simu jikoni.
Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani.
Saa tisa na kumi
nyayo zake zikaanza kukwaruza shuka,
kulia, kushoto, kulia,
mtu anateremka ngazi za mawe bila taa.
Mkono ukakamata kitu ambacho hakipo,
ukakivuta juu kwa nguvu
kama anayefungulia maji.
"Wahi, Zuwena, wahi. Nyota yetu hiyo."

Zuwena ni shangazi. Alikufa kabla sijaota meno.
Mama aliletwa hapa bibi harusi kutoka Wete,
hana Kiarabu hata cha kuombea chumvi,
akapewa jembe na zamu ya usiku,
maana za mchana zilikuwa na wenye sauti.
Nusu saa. Toka nyota hii mpaka ile.
Ukichelewa, maji ni ya mwenzio,
na mitende itakusengenya hadi mavuno.

Falaji yenyewe imekauka. Pale kwenye lango
sasa pana duka la matairi.

Asubuhi nilimwambia daktari asubiri.
Akanyamaza, nikasikia kalamu yake ikigonga meza.
"Kwa hiyo niandike nini?"
"Andika: anamwagilia."
Sijui kama aliandika.

Siku hizi saa tisa ikinikuta macho
sishtuki mstari ukipanda.
Nakaa naye mpaka amalize, namhesabia.
Wiki iliyopita zilikuwa dakika thelathini kamili.
Jumatatu ishirini na sita.
Jana ishirini na moja.
Sijamwambia Sudhish, wala daktari, wala ndugu zangu.
Labda mahali fulani pana ufa.
Labda shamba tu limeanza kushiba.